Kwenye reli za Uingereza nikifuata santuri za bei mbaya

JUMANNE, LONDON

Nimefika Buckingham Palace asubuhi mapema na wala sikuja kumuona mfalme. Watalii wote simu zao zimeelekea getini, mimi natazama barabara, maana nje hapa ndipo tarehe 10 Machi 1977 bendi ya Sex Pistols walipowekewa meza wakasaini mkataba na kampuni ya muziki ya A&M mbele ya waandishi wa habari. Siku sita baadaye kampuni ikawatema. Wakati huo santuri ya wimbo wao God Save the Queen ilikuwa imeshachapwa, inasemekana nakala kama 25,000, amri ikatoka ziharibiwe zote na karibu zote zikaharibiwa kweli, ila binadamu unamjua, weka maboksi ya kitu kilichopigwa marufuku ofisini halafu utegemee hakuna atakayechomoa hata kimoja. Hizo zilizochomolewa ndizo leo zikiingia mnadani zinavuka pauni 10,000, kwa kasahani ka inchi saba.

Nasafiri na ndugu yangu mmoja ambaye hana habari kabisa na santuri, yeye kaja kutalii. Akauliza, sasa si wimbo wenyewe ulitoka baadaye? Ndio, ulitoka Mei mwaka huohuo kwa kampuni nyingine, Virgin, ukauzwa kama njugu, na nakala ya Virgin unaipata bila jasho. Wimbo uleule. Nikamwambia shika hapohapo, kuna watu wanalipa maelfu kwa sababu ya karatasi ya duara iliyobandikwa katikati, na wiki yote hii tutakuwa tunazunguka kwenye jambo hilohilo.

Akasema basi mna wazimu. Sikubisha.

Mchana tukaenda Berwick Street, Soho, ambako zamani maduka ya santuri yalikuwa yamebanana na sasa yamebaki machache. Nikapekua makreti mpaka ncha za vidole zikawa nyeusi. Kinachomshangaza mgeni ni kwamba albamu maarufu kupita zote ndizo rahisi kuzikuta. Abbey Road ya Beatles ya 1969 ipo kila kreti, lazima iwepo, ziliuzwa mamilioni. Inayomtoa mtu jasho ni zile za mwanzomwanzo ambazo nyuma ya kava lile tufaha la Apple, nembo ya kampuni ya Beatles wenyewe, halijakaa sawa na mstari wa majina ya nyimbo, yaani mchapaji alilikosea mahali, baadaye wakarekebisha. Kosa likapanda bei, lililorekebishwa likabaki la kawaida.

Jioni tukapita studio zenyewe za Abbey Road, foleni ya watu wanapiga picha kwenye vivuko vya zebra, madereva wamenuna. Ndugu yangu naye akavuka. Nikiwa namsubiri namwambia habari ya ile albamu nyeupe ya Beatles ya 1968, kwamba kila kava lilipigwa namba mbele, na namba ikiwa ndogo bei inakuwa kubwa. Ile yenye 0000001 alikuwa nayo Ringo Starr mwenyewe, ikauzwa mnadani Marekani Desemba 2015 kwa dola 790,000. Akanyamaza kidogo afu akauliza, na namba mbili? Sasa huyo ameshaanza kuumwa ugonjwa wetu.

JUMATANO, HAYES

Treni kutoka katikati ya London mpaka Hayes ni muda mfupi tu, na watalii hamna kabisa, watu wanashuka na mifuko ya manunuzi wanaenda zao. Mimi ndo siku niliyokuwa naisubiri. Barabara ya Blyth hapa ndiko kilikokuwa kiwanda cha Gramophone Company, ambacho baadaye kikawa EMI. Jiwe la msingi aliliweka mwimbaji wa opera Nellie Melba mwaka 1907. Leo eneo lote wamelifanya makazi na maofisi, wanaliita The Old Vinyl Factory, na majengo wameyaachia majina ya kazi za zamani, kuna Cabinet Building walikotengeneza makabati ya mbao ya gramafoni, kuna Shipping Building. Kwa nje unaona kuta ndefu za zege na madirisha mengi, vijana wenye kompyuta wanaingia na kutoka.

Santuri nyingi za Beatles zilizouzwa Uingereza miaka ya sitini zilitokea Hayes, kwa hiyo acha nieleze hapa jambo ambalo kwangu ndo tamu kuliko yote.

Muziki ulikuwa unachongwa kwanza kwenye sahani laini yenye lakiri. Hiyo inapakwa chuma, ukibandua unapata sura ya kinyume, wanaiita baba. Kutoka kwa baba wanapata mama, ambaye mifereji yake iko sawasawa na santuri. Kutoka kwa mama wanapata stampa, na stampa ndio inayogandamiza vinaili kwenye mashine. Stampa inachoka, baada ya santuri mia kadhaa hadi elfu hivi inatupwa, inaingia nyingine. Sasa EMI walikuwa wanaandika yote haya kwenye santuri yenyewe. Shika santuri yao ya miaka ile, igeuze uione ile sehemu laini isiyo na muziki karibu na lebo. Chini utaona namba ya matriksi, ile ya kazi yenyewe, na mwishoni 1N, 2N, inategemea imechongwa mara ya ngapi. Upande wa kushoto namba ya mama. Upande wa kulia kuna herufi, na hizo herufi ni namba zilizofichwa kwa neno GRAMOPHLTD, kifupi cha jina la kampuni. G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni 0. Ukikuta G peke yake umeshika iliyotoka kwenye stampa ya kwanza, ukikuta RG ni ya ishirini na moja.

Nilikuwa nimebeba santuri moja ya Parlophone, lebo ya EMI, niliyoinunua jana Soho, tukakaa kwenye benchi hapohapo Blyth Road, nikawasha tochi ya simu nikaiinamisha. Herufi zenyewe ni ndogo, zimegongwa kwa mkono, nyingine imelala kidogo, moja imegongwa mara mbili kwa hiyo ina kivuli chake. Ndugu yangu akasoma polepole, A... O... akahesabu kwa vidole, thelathini na tano! Akafurahi kuliko alivyofurahi kwenye zebra. Nyumba haijengwi kwa stampa ya thelathini na tano, ila kuna mtu alisimama kwenye mtaa huu na nyundo na chapa zake akagonga A na O, na sisi tunazisoma.

Mfano ambao kila mkusanyaji anaujua ni Please Please Me, albamu ya kwanza ya Beatles, Machi 1963. Za mwanzo lebo yake ni nyeusi na maandishi ya dhahabu, na kwenye haki za nyimbo imeandikwa Dick James, mchapishaji wa nyimbo. Muda si mrefu haki zikahamia kampuni ya Northern Songs na lebo ikabadilishwa ikawa nyeusi na njano. Ya mono, PMC 1202, ya dhahabu ni nzuri na ina bei yake. Ila ya stereo, PCS 3042, ya dhahabu, hiyo ni habari nyingine kabisa, maelfu ya pauni ikiwa safi, kwa sababu stereo ilichelewa kutoka wiki chache, waliokuwa na mashine ya kupigia stereo walikuwa wachache, na kabla hazijauzwa za kutosha lebo ikabadilika. Hakuna aliyepanga iwe adimu. Kijana wa 1963 aliyeinunua stereo hakujua kabisa kama ana kitu.

ALHAMISI, LIVERPOOL

Treni ya asubuhi kutoka Euston, mwendo wa saa mbili na ushee, nimelala njia nzima.

Nyumba ya 38, barabara inayoitwa Kensington, ni nyumba ya kawaida ya mstari, magari yanapita kwa kasi mbele yake, na isingekuwa kibao cha ukumbusho ukutani ungepita. Sebuleni kwa Percy Phillips kulikuwa na studio ndogo, na Julai 1958 vijana watano wakaja na pesa zao za kuchangishana wakarekodi nyimbo mbili, That'll Be the Day ya Buddy Holly na nyingine yao wenyewe, In Spite of All the Danger. Walikuwa wanajiita Quarrymen. Watatu kati yao walikuwa John Lennon, Paul McCartney na George Harrison. Walipata sahani moja ya asetati, moja tu, wakawa wanapokezana, kila mtu anakaa nayo wiki, mpaka ikafika kwa mpiga piano John Duff Lowe ambaye alikaa nayo miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1981 McCartney akainunua kwake.

Asetati sio santuri ya kawaida. Ni sahani ya alumini iliyopakwa lakiri, muziki umechongwa mojamoja hapohapo, na kila sindano ikipita inakula kidogo. Ilitengenezwa ili mtu asikilize mara chache ajue kazi imetokaje. Kwa hiyo kitu chenyewe kinachosemwa kuwa santuri ya thamani kuliko zote Uingereza, wakadiriaji wanataja pauni laki na zaidi, ukiipiga unaiharibu, na ukisubiri sana lakiri inabanduka yenyewe. Na haiuzwi. Bei ya kitu ambacho mwenye nacho hauzi na hatauza mimi huwa naiona kama porojo tu, ila wadau wa orodha za bei wanapenda kuiweka juu kabisa, basi sawa.

Ndugu yangu alitaka kwenda Penny Lane akaenda peke yake. Mimi nilikaa kwenye kimgahawa mvua ikinyesha nikiandika haya.

IJUMAA, BADO LIVERPOOL

Mvua kutwa. Tukaingia maduka ya misaada, yale yanayouza nguo na vyombo vya kuchangiwa, maana ndugu yangu sasa ana imani kuna G imejificha mahali. Nimemwonyesha ukweli wa nchi hii: James Last, Mantovani, Jim Reeves, nyimbo za Krismasi, James Last tena. Muziki mzuri tu, santuri safi, nyingine hazijapigwa hata mara tano, na hakuna anayezitaka kwa sababu kila nyumba ilikuwa nazo. Usafi bila uadimu haulipi. Alinunua moja ya Jim Reeves kwa sababu kava ilimpendeza na sikumzuia, ndo matumizi sahihi kabisa ya santuri.

JUMAMOSI, WIGAN

Kutoka Liverpool ni safari fupi. Wigan Casino haikuwa na kamari, ilikuwa ukumbi wa dansi, na kuanzia Septemba 1973 mpaka Desemba 1981 vijana walikuwa wanakuja toka nchi nzima na mabasi usiku wa manane wanacheza mpaka saa mbili asubuhi. Pombe haikuuzwa. Watu walibeba poda ya mtoto wakamwaga sakafuni viatu viteleze. Jengo liliungua 1982 likabomolewa, leo pamesimama jengo la maduka, Grand Arcade, nikanunua soksi humo na kuzunguka zunguka.

Nimekuja kwa sababu hapa ndipo santuri iliyofeli ilipata thamani, na kisa chake nakipenda. Hawa watu wa northern soul, ndivyo dansi hii ya kaskazini mwa Uingereza ilivyoitwa, walitaka soul ya Marekani ya katikati ya miaka ya sitini, ya kasi, yenye ile midundo ya Detroit. Nyimbo zilizovuma walishazichosha. Kwa hiyo madijei wakaanza kutafuta zile ambazo kwao Marekani hazikununuliwa na mtu, kampuni ndogo imechapa mia chache, imefilisika, maboksi yako ghalani. Waliokuwa na nauli walienda wenyewe Marekani kuchimba. Na ukiwa na wimbo ambao dijei mwingine hana, watu wanakufuata wewe, kwa hiyo walikuwa wanabandika karatasi juu ya lebo na kuupa wimbo jina la uongo ili mwenzake asijue aende kuutafuta.

Mfalme wa hizo ni Do I Love You ya Frank Wilson. Ilichapwa 1965 kwenye lebo ya Soul iliyokuwa chini ya Motown, kampuni ya Detroit, za majaribio mia mbili na hamsini inasemekana, afu haikutoka, Wilson mwenyewe akaona bora abaki prodyuza kuliko mwimbaji, nakala zikatupwa. Miaka ya sabini moja ikaibuka, ikapigwa kwenye madisko ya huku kwa jina la kufunika, Eddie Foster. Motown waliitoa Uingereza mwaka 1979 kwa hiyo yeyote anaweza kuwa na wimbo. Ila ya 1965, nakala moja iliuzwa 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000, na 2020 moja ikaenda kwa pauni 100,000. Ukipiga hesabu, wimbo wenyewe ni dakika mbili na nusu hivi.

Ndugu yangu akaniuliza kwa nini mtu asiridhike na ya 1979. Jibu nililompa ni la kwangu mimi, wengine watabisha: dijei wa pale alikuwa anaheshimiwa kwa alichonacho mkononi, na kanuni ya kupiga nakala halisi tu bado wengi wao wanaishika mpaka leo, ukipiga ya kuchapwa upya kuna mzee atakuja kuchungulia lebo na kuondoka kimyakimya. Hapo bei inashikiliwa na watu wanaochunguliana. Hao wazee wakiisha sijui nani ataichungulia, na mimi ningekuwa na laki ya pauni nisingeiweka hapo.

Kitu kingine cha kiufundi, santuri nyingi za inchi saba za Marekani wakati ule hazikuwa vinaili, zilikuwa staireni, plastiki ngumu ya kumiminwa kwenye kalibu. Inapendeza kwa macho, lebo imebandikwa kwa gundi au rangi imepigwa moja kwa moja, na ukiigonga kwa ukucha inalia kikavu. Ikipigwa na sindano mbovu inaharibika, unasikia mchanga. Ukitazama inaonekana mpya kabisa, kwa hiyo usinunue bila kuisikiliza.

JUMAPILI, MANCHESTER

Soko la santuri kwenye ukumbi, meza kwa meza, harufu ya karatasi yenye unyevu na kahawa. Nimefika milango inafunguliwa, na tayari wafanyabiashara walishauziana wenyewe kwa wenyewe vitu vizuri, ndo kawaida.

Ugomvi wote hapa ni gredi. NM ni kama mpya, VG+ ina vialama visivyosumbua, VG inasikika mikwaruzo, na G ambayo kwa maneno yao ni nzuri maana yake ni mbaya. Goldmine, jarida la Marekani ambalo wengi wanafuata kipimo chake, wanasema VG+ ni kama nusu ya bei ya NM na VG ni robo. Kwa hiyo muuzaji na mnunuzi wanaweza kubishana nusu saa juu ya mkwaruzo mmoja, kwa sababu huo mkwaruzo ni nusu ya hela.

Mzee mmoja alikuwa na albamu ya jazi ya Blue Note, lebo ya Marekani, kaiandika NM. Nikaomba kuitoa. Nikaishika kwa kingo, nikaiinamisha chini ya taa mpaka mwanga ukalala juu yake, ikawa inang'aa vizuri, ila kwenye tundu la katikati kulikuwa na vijistari vya kijivu kwenye lebo, vile vinavyobaki mtu akiipapasisha juu ya kijiti cha mashine akitafuta tundu gizani. Vilikuwa vingi. Maana yake imepigwa mno, hata kama imeoshwa ikatakata. Nikamwonyesha. Akasema, "Kijana, hiyo ni lebo, muziki uko kwingine." Nikamwambia ni kweli mzee wangu, basi tuisikilize. Akacheka, hakuwa na mashine pale mezani. Tukakubaliana VG+, akashusha, bado ikanishinda. Kwenye sehemu laini ilikuwa na RVG, muhuri wa Rudy Van Gelder aliyechonga, na lile alama la kama sikio ambalo ni P ya kiwanda cha Plastylite, bila sikio hilo kwa Blue Note za zamani wengi wanaweka mfuko chini na kuondoka.

Meza ya mwisho mama mmoja alileta santuri za 78, zile za kale za mizunguko 78 kwa dakika, za marehemu baba yake, nzito, opera na bendi za jeshi, anategemea mali kwa kuwa ni za kale. Muuzaji alimweleza kwa adabu kwamba hizo ni nyingi mno duniani. Umri hausaidii. Ingekuwa bluzi za Paramount ingekuwa kitu kingine, kampuni ile ilikuwa ya watengeneza viti huko Wisconsin, walirekodi wanamuziki ili wauze makabati ya kupigia, wakachapa chache na kwa malighafi duni. Moja ya Tommy Johnson iliuzwa mtandaoni 2013 kwa dola 37,100. Mama akauliza zioshwe na spiriti? Watu watatu tukasema hapana kwa pamoja, spiriti inayeyusha shelaki, ambayo ndo malighafi ya hizo 78, vinaili ndo inavumilia kidogo.

JUMATATU, KUFUNGA MZIGO

Nimetoa kila santuri kwenye kava lake na kuiweka nyuma yake, kava na sahani vikae pembeni kwa pembeni ndani ya mfuko, maana ikiwa ndani ikitikiswa inapasua mshono wa kava kwa chini na kava ni sehemu kubwa ya bei. Ile mifuko minene ya plastiki ya PVC nimeitupa, ikikaa miaka inaacha ukungu kwenye vinaili ambao hautoki. Zote zimesimama wima, hakuna iliyolala, na zinaingia na mimi kwenye ndege, huko chini kwa mizigo siwaamini.

Ndugu yangu amegoma kuchanganya Jim Reeves wake na zangu. Kaisoma namba yake pembeni ya lebo mara mbili, sasa anataka kujua RCA, kampuni iliyoichapa, nao walikuwa na neno lao la siri au vipi. Ndege ni saa mbili usiku, tunatoka hapa saa kumi.